Barua pepe moja, tarakilishi tatu: Kwa nini barua hutoweka na jinsi ya kuzipata

KARANI wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha mjini Mombasa anawasha tarakilishi yake saa mbili asubuhi akitarajia kupata hati za shehena kutoka kwa msafirishaji aliyeko Dubai. Kikasha chake cha barua pepe hakina kitu. Anapiga simu na kuambiwa hati zilitumwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Anasubiri hadi adhuhuri, anazima mtambo na kuuwasha tena, anamlaumu mtoaji huduma za intaneti. Wakati huo wote kontena imekaa katika bandari ya Kilindini na ada za kuhifadhi mzigo zinahesabiwa kwa siku.

Hati hizo hazikupotea. Zimo ndani ya kipakatalishi cha mwajiri wake, kilichoachwa kikiwaka sebuleni huko Nyali, na ambacho hukagua anwani hiyo hiyo kila baada ya dakika 10. Kilizichukua alfajiri, kikazifuta kwenye seva, wala hakuna aliyekigusa.

Kisa hicho ni cha mfano, lakini mafundi wanaohudumia ofisi ndogo watakitambua mara moja. Mtu anapotumia anwani moja ya barua pepe kwenye tarakilishi mbili au tatu, malalamiko huwa ni yale yale: barua zinaonekana huku na hazionekani kule, au zinarudi mara kumi, au mashine moja imekataa kabisa kuzipakua. Mara nyingi seva haina kosa wala intaneti haina kasoro. Kikulacho ki nguoni mwako, na katika suala hili kinachokula barua ni mashine nyingine ya mtumiaji mwenyewe.

Sanduku la posta

Wakenya wengi wamewahi kutumia sanduku la posta la shule, kanisa au la jamaa. Mwenye ufunguo hufika posta, akalifungua, akabeba barua zote nyumbani. Mwingine mwenye ufunguo wa pili akifika jioni hukuta sanduku tupu. Hajaibiwa, ametanguliwa tu.

Hivyo ndivyo ifanyavyo kazi itifaki iitwayo POP. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mnamo 1984, toleo lake la tatu likafuata 1988, na maelezo rasmi ya toleo hilo yanayotumiwa hadi leo ni ya 1996. Ilibuniwa kwa mtu mwenye tarakilishi moja ambaye huunganishwa na mtandao kwa muda mfupi, anachukua barua zake, kisha anakata laini na kuzisoma kwa utulivu.

Mpango huo ulifaa sana katika mazingira ya wakati huo. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mnamo 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ulimwengu yalitegemea setilaiti, na aliyejiunga kupitia laini ya simu alilipia kila dakika. Nafasi kwenye seva nayo ilikuwa finyu. Hotmail, kwa mfano, ilimpa mteja wa bure megabaiti 2 pekee hadi 2004, mwaka ambao Gmail ilizinduliwa ikiwa na gigabaiti moja. Kuacha barua kwenye seva kulikuwa ni kukaribisha kikasha kujaa na wanaokuandikia kurudishiwa barua zao.

Itifaki ya pili ni IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mnamo 1986. Hapa mwenye barua hazibebi nyumbani. Huzisoma zikiwa posta, huzipanga kwenye rafu za huko huko, na kila mwenye ufunguo akifika hukuta barua zile zile zikiwa katika mpango ule ule. Barua iliyosomwa huonekana imesomwa kwenye mashine zote. Iliyofutwa nayo hufutika kote. Toleo jipya kabisa la itifaki hiyo lilitolewa 2021.

Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa karibu kila tatizo linaloelezwa hapa. Ajabu ni kwamba watumiaji wengi hawajui ni ipi kati ya hizo mbili wanayoitumia, kwa kuwa aliyeweka mipangilio ni fundi aliyeondoka miaka mingi iliyopita. Si vigumu kujua. Katika mipangilio ya akaunti, nambari ya lango la seva ya kupokea barua hufichua siri: 110 au 995 ni POP, ilhali 143 au 993 ni IMAP. Nambari 995 na 993 ndizo zenye usimbaji wa kulinda barua zikiwa njiani, na ndizo zinazofaa kutumiwa.

Nani aliyechukua?

Barua inapokosekana, hatua ya kwanza ni kutogusa kitu. Watu wengi hukimbilia kufuta akaunti kwenye programu na kuiweka upya, au kuibadilisha kutoka POP hadi IMAP papo hapo. Yamkini mashine hiyo ndiyo yenye nakala pekee ya barua za miaka mitano, na kufuta akaunti katika baadhi ya programu huweza kufuta na barua zenyewe.

Kinachofuata ni kufungua akaunti kupitia kivinjari, yaani ukurasa wa mtoaji huduma ya barua, bila kutumia Outlook wala Thunderbird. Ukurasa huo unaonyesha kilichomo kwenye seva yenyewe. Barua ikiwa pale, basi seva imeipokea na tatizo liko kwenye programu ya mashine moja. Ikiwa haipo, itafutwe kwanza kwenye folda ya barua taka na ile ya zilizofutwa. POP huonyesha kikasha kikuu peke yake. Barua iliyotupwa kwenye folda ya taka na seva haitaonekana kamwe kwenye tarakilishi inayotumia POP, hata isubiriwe mwaka mzima.

Ikiwa haimo popote, kuna uwezekano mkubwa kwamba imebebwa. Orodha ya vifaa vyote vilivyowahi kupewa nywila ya anwani hiyo iandikwe kwenye karatasi: tarakilishi ya ofisini, kipakatalishi cha nyumbani, simu ya mkononi, mashine ya zamani aliyopewa mtoto ili acheze michezo. Hiyo ya mwisho husahaulika mno. Programu ya barua ikiwa imewekwa kujifungua pamoja na mashine, itaendelea kuchota barua za ofisi huku mtoto akijiburudisha.

Jaribio lisilo na shaka ni hili. Vifaa vyote vizimwe, kisha barua ya majaribio itumwe kutoka anwani nyingine na kutazamwa kupitia kivinjari. Ikishaonekana, kifaa kimoja kiwashwe, kipakue barua, kisha kivinjari kitazamwe tena. Barua ikiwa imeondoka, mchukuzi ni huyo. Ikiwa bado ipo, kifaa hicho kizimwe na kingine kiwashwe. Zoezi zima halichukui nusu saa, na lina faida kuliko siku nzima ya kubahatisha.

Mchukuzi akishajulikana, hati za karani wa Mombasa hupatikana kwa urahisi: aliye nyumbani anazituma upya kutoka kwenye kipakatalishi. Iwapo tarehe na anwani ya mtumaji wa awali vina umuhimu wa kisheria, barua itumwe ikiwa kiambatisho, kwani kuisambaza kwa njia ya kawaida huondoa maelezo ya safari yake.

Tiba ya kuzuia jambo hilo lisirudie, kwa anayetaka kubaki na POP, ni kuiamuru kila mashine iache nakala kwenye seva. Katika Outlook maneno yaliyo kwenye skrini ni "Leave a copy of messages on the server". Thunderbird ina maneno yanayokaribiana na hayo. Outlook Express, iliyotumiwa sana enzi za Windows XP, ilikuja bila alama kwenye kisanduku hicho, na hapo ndipo ofisi nyingi zilipoanza kukwama. Outlook ya miaka iliyofuata huacha nakala kwa siku 14 kisha huziondoa. Siku 14 hutosha kwa mtu anayekaa mbele ya mashine zote mbili kila wiki. Hazimtoshi aliyekwenda likizo ya mwezi mmoja mashambani. Akirudi atakuta pengo la wiki mbili.

Utaratibu mzuri ni kuteua mashine moja iwe ndiyo kuu. Hiyo peke yake ipewe ruhusa ya kuondoa barua kwenye seva, tuseme baada ya siku 60, na nyingine zote ziache nakala bila kuondoa chochote. Mashine moja ikikosa alama hiyo, mpango wote umeharibika.

Gmail ina desturi yake

Anayetumia Gmail kwa POP hukumbana na jambo linalowachanganya hata mafundi. Barua inaonekana kwenye kivinjari, imetulia, lakini tarakilishi ya pili inasema hakuna barua mpya. Sababu ni kwamba Gmail huhesabu kila barua iliyokwisha kutolewa kwa POP kuwa imetolewa, na haiitoi tena kwa programu nyingine, hata kama nakala imeachwa kwenye seva.

Dawa ipo, ingawa si wengi wanaoijua. Katika nafasi ya jina la mtumiaji kwenye mipangilio ya programu, neno recent na alama ya nukta mbili hutangulizwa mbele ya anwani, bila kuacha nafasi. Gmail huamua kumpa kila anayebisha hodi barua za siku 30 zilizopita, bila kujali nani alizichukua mwanzo. Neno hilo liwekwe kwenye kila mashine, na kila mashine iache nakala.

Barua ile ile mara kumi

Kinyume cha barua kutoweka ni barua kurudi. Mtumiaji anafungua programu na kukuta barua 400 alizozisoma mwezi uliopita zikiingia upya kama kwamba zimeandikwa leo.

Kwa kawaida seva ya POP humpa kila barua kitambulisho chake cha kipekee, na programu huweka orodha ya vitambulisho ilivyokwisha kuvipokea. Thunderbird huiweka katika faili iitwayo popstate.dat. Faili hiyo ikiharibika baada ya umeme kukatika ghafla, au mashine ikiundwa upya, programu husahau yote iliyopokea na kuanza tangu mwanzo. Vivyo hivyo, mtoaji huduma akihamisha akaunti hadi seva mpya, vitambulisho huweza kubadilika, na barua zote za zamani zikaonekana mpya kwenye kila tarakilishi.

Sababu ya pili inatokana na laini mbovu. Katika POP, amri ya kufuta barua haitekelezwi papo hapo. Seva husubiri programu iage rasmi ndipo ifute zote kwa pamoja. Laini ikikatika kabla ya kuaga, seva hairuhusiwi kufuta hata moja. Programu isiyo makini na vitambulisho vyake itazipakua zote tena ikirudi. Anayetumia intaneti ya simu katika eneo lenye mawimbi hafifu ataliona jambo hili mara kwa mara, na hapo lawama si ya mashine.

Kuna pia barua inayoziba njia. Mtu ametuma picha za arusi zenye uzito wa megabaiti 20, ambazo zikifungashwa kwa ajili ya safari ya barua pepe huongezeka kwa takriban theluthi moja. Programu inaanza kuipakua, muda wa kusubiri unakwisha, laini inakatwa. Ikijaribu tena inaanza na barua ile ile na kukwama pale pale, na zote zilizo nyuma yake hazifiki. Dalili ni kwamba hesabu husimama mahali pamoja kila mara, tuseme barua ya 7 kati ya 53. Ifunguliwe kwenye kivinjari, kiambatisho kihifadhiwe, kisha barua iondolewe kikashani. Muda wa kusubiri pia unaweza kuongezwa kwenye mipangilio, lakini hiyo ni tiba ya muda.

'Nywila si sahihi'

Ujumbe huu umewafanya watu wengi wabadilishe nywila bila sababu. Seva ya POP inapozungumza na mashine moja hukifunga kikasha kwa kufuli hadi mazungumzo yaishe. Mashine ya pili ikibisha wakati huo hukataliwa. Programu nyingi hutafsiri kukataliwa huko kuwa ni kosa la nywila, zikafungua kidirisha cha kuiomba upya. Mtumiaji aliyeshtuka huibadilisha, na tarakilishi nyingine zote, ambazo bado zina nywila ya zamani, huanza kubisha hodi nazo bila kukoma hadi mtoaji huduma aifunge akaunti kwa kudhani inashambuliwa. Ni sawa na kubadilisha kitasa cha mlango kwa kuwa mtu wa nyumbani yumo bafuni.

Kidirisha hicho kikitokea mara mojamoja kisha kikatoweka, nywila haina tatizo. Muda wa ukaguzi uongezwe. Mashine tatu zinazokagua kila dakika moja zitagongana tu; kila baada ya dakika 15 panatosha.

Kidirisha kisipotoweka, hilo ni jambo jingine. Mwezi Mei 2022 Google iliacha kukubali nywila ya kawaida ya akaunti za watu binafsi kutoka kwa programu za barua zisizotumia njia mpya ya uthibitisho, na Microsoft ikafanya hivyo kwa Outlook.com na Hotmail mnamo Septemba 2024. Njia mpya humpeleka mtumiaji kwenye dirisha la kivinjari athibitishe huko. Programu kuukuu isiyoijua inaweza kupewa nywila maalumu ya herufi 16 ambayo Google huitoa kwa aliyewasha uthibitisho wa hatua mbili.

Umri wa mashine nao una maana. Tarakilishi ya Windows XP yenye Outlook Express haijui usimbaji wa TLS 1.2, ilhali TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa na wakati mnamo Machi 2021. Ndiyo maana mashine mbili zilizo juu ya meza moja, zenye anwani moja na nywila moja, huweza kutofautiana: mpya inapakua na kuukuu inagoma. Hakuna mipangilio itakayoisaidia hiyo kuukuu. Kabla ya kuitupa, hata hivyo, saa yake itazamwe. Betri ndogo iliyo ndani ya mashine ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika, na cheti cha seva hukataliwa kwa kuonekana kuwa bado hakijaanza kutumika. Betri hiyo inauzwa kwa bei nafuu, na huenda ikaokoa fedha nyingi.

Vilevile faili ya barua huweza kujaa. Outlook za kuanzia 1997 hadi 2002 ziliweka kila kitu katika faili moja isiyoweza kuzidi gigabaiti 2. Ikifika hapo, barua mpya hazipokelewi na za zamani huwa hatarini kuharibika.

Majibu yasiyoonekana

Hata POP ikipangwa vizuri namna gani, ina upungufu usio na tiba kamili. Barua zinazotumwa haziendi kupitia POP bali SMTP, na nakala yake hubaki kwenye mashine iliyozituma. Mwajiri akimjibu mteja kutoka nyumbani usiku, karani hatajua asubuhi kwamba mteja amekwisha kujibiwa, na huenda akampa bei tofauti. Wapo wanaojitumia nakala ya siri ya kila barua. Njia hiyo hufanya kazi, japo hujaza kikasha kwa barua za mwenyewe.

Hapo ndipo IMAP inapoonyesha ubora wake, kwani folda ya zilizotumwa hukaa kwenye seva. Ni lazima tu mashine zote zielekezwe kwenye folda moja. Outlook hupenda kuunda "Sent Items", Thunderbird huunda "Sent", na mtumiaji akajikuta na folda mbili, kila moja ikiwa na nusu ya majibu.

Kuhamia IMAP bila hasara

Kwa mtu mwenye vifaa viwili au zaidi, IMAP ndiyo chaguo linalostahili, isipokuwa pale ambapo nafasi kwenye seva ni ndogo mno. Lakini kuhama kwenyewe kunahitaji subira.

Kwanza, nakala ya faili za barua kutoka kila tarakilishi ihifadhiwe kwenye diski ya nje. Pili, akaunti ya POP isifutwe. Izuiwe tu kupakua barua mpya, na akaunti ya IMAP iongezwe kando yake kwenye programu hiyo hiyo. Barua za zamani zilizo kwenye mashine zinakiliwe hadi kwenye folda za IMAP, mia chache kwa wakati mmoja. Zinakiliwe, zisihamishwe, ili laini ikikatika katikati kusiwe na kilichopotea. Baada ya kila fungu, idadi ilinganishwe na ile inayoonekana kwenye kivinjari. Kwenye Gmail kikomo cha kupandisha barua kupitia IMAP ni takriban megabaiti 500 kwa siku, kwa hivyo mwenye gigabaiti 5 ajiandae kwa siku 10. Tarakilishi ya pili nayo ifanyiwe hivyo, ila kwa barua ambazo ya kwanza haikuwa nazo; la sivyo kila kitu kitakuwa mara mbili.

IMAP pia ina mitego. Mkubwa zaidi ni dhana kwamba barua zikiwa kwenye simu, kipakatalishi na mashine ya ofisini basi kuna nakala tatu. Ipo moja tu, nayo iko kwenye seva. Anayefuta barua kwenye simu ili kupata nafasi ameifuta kote, na kipakatalishi kitatii kitakapounganishwa. Nakala ya akiba ni ile iliyo kwenye diski isiyohusiana na akaunti hiyo.

Mtego mwingine ni kanuni za kupanga barua. Karani huweka kanuni kwamba barua zote kutoka kwa mteja fulani zihamishiwe kwenye folda iliyo ndani ya tarakilishi yake. Kila asubuhi anapowasha mashine, barua hizo huondoka kwenye seva na kutoweka kwa wengine. Kila mtu hudhani ofisi imerejea POP. Kanuni ziwekwe kwenye seva kupitia kivinjari, au zihamishe barua kwenye folda za seva pekee.

Halafu kuna idadi ya miunganisho. Gmail huruhusu miunganisho 15 ya IMAP kwa wakati mmoja kwa akaunti moja, ilhali Thunderbird peke yake huweza kufungua mitano. Tarakilishi tatu zimemaliza nafasi, na simu ya nne inapobisha hukataliwa. Idadi hiyo hupunguzwa hadi miwili katika mipangilio ya kila mashine, na hakuna atakayehisi tofauti.

Folda isiyoonekana kwenye mashine moja mara nyingi haijasajiliwa pale. Orodha ya folda za akaunti ifunguliwe na alama iwekwe mbele yake.

Anwani ya watu wengi

Ofisi inayogawana anwani moja kati ya wafanyakazi watatu ina tatizo ambalo itifaki haiwezi kulimaliza. Mmoja akisoma barua, huonekana imesomwa kwa wote, na kila mtu hudhani mwenzake atajibu. Ni afadhali kila mfanyakazi awe na anwani yake, na ile ya ofisi iwe ya kusambaza nakala kwa wote au kikasha cha pamoja ambacho kila mmoja hukiingia kwa nywila yake. Mfanyakazi akiondoka, anwani yake peke yake ndiyo inayofungwa. Kwa mpango wa nywila moja ya watu wote, aliyefutwa kazi huondoka na ufunguo, na simu yake huendelea kupokea barua za kampuni hadi mtu akumbuke.

Tarakilishi inayouzwa au kutolewa zawadi isiondoke kabla diski yake haijafutwa. Ile iliyotumia POP ina maandishi kamili ya miaka yote, pamoja na nambari za vitambulisho na taarifa za benki za wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka aliyekusanya habari hizo kuzilinda. Akaunti nayo iondolewe kwenye programu ya mashine hiyo baada ya nakala kuhifadhiwa, na nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo, ili mnunuzi akiiwasha nyumbani kwake isianze kupakua barua za asubuhi.